Mahindi ya Fundi na Meno Mawili ya Mama Mkwe

Hakuna mtu anayeyajua mahindi matamu kunishinda mimi. Nimeyala ya kuchemsha, nimeyala ya kuchoma, nimeyala mabichi nikiwa nimesimama. Kuyapanda, hapana, hilo sijawahi hata siku moja. Kwa hiyo nitakusimulia habari za Fundi, aliyeyapanda akakosea, kisha akayapanda tena.

Fundi alikuwa mwanamke mshona nguo. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, ili apate mwanga na habari za mtaa kwa pamoja. Mume wake alikuwa mpaka rangi. Kila jioni alirudi na rangi ya nyumba ya mtu mwingine masikioni. Nyumba yao wenyewe haikuwa imepakwa rangi tangu wahamie.

Mtu wa tatu pale nyumbani alikuwa Mama Mkwe, mama mzazi wa Mpaka Rangi. Alikaa kwenye kiti karibu na cherehani na kuchambua vifungo. Vyeupe aliviweka kopo hili, vyeusi kopo lile. Mikono ikiwa kwenye vifungo, mdomo ulikuwa kwa Fundi.

"Mkwe wangu, mkono huo wa gauni umeupachika kwa mguu?"

"Kwa mguu, Mama. Cherehani inaendeshwa kwa mguu."

Ndivyo walivyopendana.

Mama Mkwe alikuwa amebakiwa na meno mawili. Moja lilikuwa juu kushoto. Jingine lilikuwa chini kulia. Yalikuwa kama majirani waliogombana. Yalikaa nyumba moja lakini hayajawahi kukutana.

"Mawili yananitosha," alizoea kusema. "Moja la kuuma, moja la kushuhudia."

Lakini wakati wa chakula utani uliisha. Mama Mkwe aligeuza geuza kijiko kwenye sahani. Alimeza mara tatu, mara nne, kisha akaisukuma sahani mbali.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, Mama? Hujala."

"Nimeshiba kukuangalia wewe ukila."

Fundi alijua ukweli, kwa sababu tepu yake ya kupimia haina adabu wala huruma. Gauni la bluu la Mama Mkwe alikuwa amelibana mara mbili mwaka huo. Mara ya kwanza alilibana vidole viwili kila upande. Mara ya pili vidole viwili tena.

"Nikilibana mara ya tatu," alimwambia mume wake jikoni, kwa sauti ya chini, "maua ya upande wa kushoto yatakutana na maua ya upande wa kulia. Mama yako anaisha."

Mpaka Rangi alifuta sikio lake kwa kitambaa.

Walimpeleka zahanati. Alipimwa damu, akapimwa kila kitu. Ugonjwa haukuonekana. Mkunga wa zahanati, ambaye alikuwa jirani yao, alimuuliza swali moja tu.

"Mama, unatamani kula nini?"

Mama Mkwe hakufikiri hata kidogo. "Hindi. Hindi zima, nilishike kwa mikono miwili, niligugune. Sitaki la kusagwa. La kusagwa ni uji, na uji ni chakula cha watu wasio na meno."

"Na wewe unayo?" aliuliza mwanawe.

"Ninayo. Wewe hesabu!"

Punje za mahindi ya kawaida zilikuwa ngumu mno kwake. Alikuwa amejaribu mwaka uliopita, na ndiyo sababu meno yalikuwa mawili. Kabla ya hapo yalikuwa matatu.

Wiki hiyo hiyo Fundi aliingia duka la pembejeo kununua mbegu za mchicha. Familia yake ilikuwa na kipande cha bustani nyuma ya zahanati, hatua kumi na mbili kwa hatua sita. Juu ya rafu aliona pakiti yenye picha ya hindi la manjano. Iliandikwa: Mahindi Matamu. Laini. Huliwa yakiwa mabichi.

Aliisoma mara mbili. Alirudi nyumbani akiipepea kama barua ya mwana aliyepotea.

"Mama! Ndani ya miezi mitatu utaguguna hindi kwa meno hayo hayo mawili. Nakuahidi."

Mama Mkwe alimwaga mbegu kwenye kiganja. Zilikuwa nyembamba, zimekunjamana.

"Mkwe wangu, wamekuuzia wazee wenzangu."

"Nimekuahidi, Mama."

"Haya. Miezi mitatu nitakungoja. Lakini fanya haraka, usije ukanikuta nimebaki na la kushuhudia peke yake."

Alisema akicheka. Fundi alimtazama mabega yake ndani ya gauni la bluu, akaona hayachekeshi.

*

Katika mtaa ule hakukuwa na mtu aliyejua kunyoosha mstari kama Fundi. Alikwenda bustanini na tepu shingoni, chaki mfukoni na uzi mkononi. Alifunga uzi kutoka nguzo ya kwanza ya ua hadi nguzo ya mwisho. Chini ya uzi huo alipanda mbegu zote kwa mstari mmoja mrefu, uliozunguka ukingoni mwa kipande chake kama pindo la gauni. Katikati aliacha mchicha na vitunguu.

"Umepanda mahindi au umetarizi bustani?" Mpaka Rangi aliuliza.

"Wewe paka rangi."

Mkunga alikuwa na kipande cha jirani. Angemwambia neno, lakini wakati huo alikuwa ameitwa kwenye mafunzo ya miezi mitatu, na kipande chake kilikuwa kimejaa magugu. Kwa hiyo Fundi hakuwa na wa kumuuliza. Tena hakudhani kwamba kuna la kuuliza. Mahindi si mahindi?

Mvua ilinyesha vizuri. Mahindi yaliota, yakasimama kama askari kwenye gwaride. Yalipofika kifuani mwa Fundi, juu yakatoa vishada vya mbelewele. Baadaye katikati ya bua yakatoa mahindi machanga. Na kwenye ncha ya kila hindi zikachomoza nyuzi. Wengine huziita ndevu. Zilikuwa za kijani kibichi, laini, nyingi, zinaning'inia ovyo.

Fundi alizitazama. Mkono ukamwasha.

Lazima umwelewe. Miaka kumi na minane alikuwa akiwaambia wanafunzi wake neno moja: nguo yenye nyuzi zinazoning'inia haitoki kwenye mlango wangu. Mkasi wake mdogo ulikaa mfukoni wakati wote, hata akienda kutembelea wagonjwa. Siku ile aliutoa. Akakata uzi wa hindi la kwanza, sawasawa na ganda. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Safi! Akakata wa pili. Kila asubuhi alipita na mkasi, na kila hindi lililotoa nyuzi lilinyolewa.

"Umeyafanya nini?" aliuliza mume wake.

"Nimeyamalizia. Kazi isiyokatwa nyuzi ni kazi ya mwanafunzi."

Mpaka Rangi alikuna kichwa. Mahindi yalionekana nadhifu kweli, hilo hakuweza kulibisha.

Baada ya hapo Fundi akangoja majani yakauke. Ndivyo mahindi ya kawaida yanavyovunwa, na yeye hakujua mengine. Siku ilipofika alivuna hindi lililonenepa kuliko yote. Hakulimenya bustanini. Alilibeba nyumbani ndani ya kitambaa safi, akaliweka mikononi mwa Mama Mkwe.

"Ahadi yako hii hapa, Mama."

Mama Mkwe alilimenya taratibu, ganda baada ya ganda. La mwisho likaanguka.

Kulikuwa na punje mbili upande huu. Punje moja kule chini. Tatu karibu na kitako. Kwingine kote gunzi lilikuwa tupu.

Mama Mkwe aliligeuza huku na huku.

"Mkwe wangu," alisema mwishowe, "hili hindi tumefanana."

Mpaka Rangi aliangua kicheko. Akachukua hindi, akatia jino kwenye punje moja ili aonje. Ikalia kama changarawe. Kicheko kikakoma, akashika shavu.

"Ndege ndio wameyaharibu," Fundi alisema haraka. "Ndege wa mwaka huu ni wabaya sana."

"Pole," alisema Mama Mkwe. Akalirudisha hindi ndani ya kitambaa, akakikunja vizuri. "Usijali. Hata hivyo nimeshiba."

Ilikuwa saa tano asubuhi, na hakuwa amekula chochote tangu jana. Usiku gauni lilipofuliwa, Fundi alilipima akiwa peke yake. Halafu akachukua pini, akalibana mara ya tatu.

*

Kesho yake Fundi alikuwa bustanini akiyang'oa mabua kwa hasira. Aling'oa kama anayevuta nywele za adui. Hapo sauti ikatoka upande wa pili wa magugu.

"Yamekukosea nini maskini ya watu?"

Mkunga alikuwa amerudi.

"Shikamoo, dada. Yamenidanganya. Tazama mwenyewe."

Mkunga alipokea hindi, akalimenya. Akachukua la pili. Akachukua la tatu. Aliyapapasa kwa vidole vyake kama anavyopapasa matumbo ya akina mama.

"Nyuzi zake ziko wapi?"

"Nyuzi gani?"

"Nyuzi za hindi. Ndevu."

Fundi alijifanya anatafuta kitu chini. "Sijui. Nadhani ni wadudu."

Mkunga aliinua ncha ya hindi machoni pake. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amedanganywa na watu wa kila namna, na hakuwa na haraka.

"Wadudu wenye mkasi?" aliuliza. "Wamekata sawasawa kweli. Mmoja wao lazima alisomea ushonaji."

Fundi aliinamisha kichwa. Kisha akaeleza yote. Alieleza pindo, alieleza mkasi, alieleza ahadi. Mwisho akaeleza gauni la bluu.

"Kaa chini," alisema Mkunga. Waliketi juu ya mabua. "Sasa nisikilize. Habari za uzazi nimewaeleza wasichana wa miaka kumi na mitano, sitashindwa kukueleza wewe. Unaviona vile vishada vya juu?"

"Mbelewele."

"Huyo ndiye mwanamume. Amekaa juu kichwani anapunga mikono, kama kawaida yao. Vikikomaa vinamwaga vumbi la manjano. Vumbi hilo linaitwa chavua. Mwanamke ni hindi lenyewe, hapa katikati. Nyuzi zake anazitoa nje ili zipokee chavua. Na kila uzi mmoja una punje yake moja ndani. Chavua ikiangukia uzi, inashuka mpaka ndani, punje inajaa. Uzi usipopata chavua, pale panabaki pengo."

Fundi alishika mdomo. "Kila uzi na punje yake?"

"Kila uzi na mtoto wake."

"Kwa hiyo mimi nilipokuwa nakata..."

"Uliyafunga uzazi, mdogo wangu. Tena bila hata kuyauliza."

Fundi alicheka huku machozi yanamtoka. Mkunga alimwachia amalize.

"Mkasi si kosa pekee," aliendelea. "Hata usingekata, mstari mmoja haufai. Chavua inabebwa na upepo. Ukipanda mstari mmoja kando ya ua, upepo unaipeleka barabarani, inaangukia wapita njia. Panda mistari minne au mitano mifupi, ikae pamoja kama watu kwenye mkutano. Upepo ukitoka huku au kule, chavua itamwangukia mtu wa nyumbani."

"Yaani nilishona pindo. Ilitakiwa kitambaa kizima."

"Umeelewa kuliko wauguzi wangu. Sasa, hizi punje ngumu. Ulivuna lini?"

"Majani yalipokauka."

"Umechelewa sana. Haya si mahindi ya kuweka ghalani. Yanaliwa yakiwa na maziwa. Nyuzi zikishatoka, hesabu siku kumi na nane hadi ishirini na moja. Nyuzi zitakuwa zimekauka, zimekuwa kahawia. Fungua ganda kidogo, bonyeza punje kwa ukucha. Yakitoka maji meupe kama maziwa, vuna. Yakitoka maji matupu, ngoja. Ikiwa ni unga mzito, umeshachelewa."

"Na mbegu? Zilikuwa zimekunjamana."

"Ndivyo zilivyo. Zina sukari nyingi na wanga kidogo, zikikauka zinajikunja. Hukudanganywa dukani."

Mkunga alisimama, akakung'uta gauni lake. Akatazama ng'ambo ya ua, ambako mtu alikuwa ameanza kulima kipande chake.

"Jirani huyo akipanda mahindi ya kawaida, wewe subiri wiki nne ndipo upande yako. Yakichanua pamoja, chavua ya yake itaingia kwenye yako, na punje zitakuwa ngumu, hazina utamu. Na mpaka yakomae, Mama asikae na njaa. Mpe mayai laini. Mpe maharage yaliyopondwa. Mtilie maziwa kwenye uji."

"Uji anaudharau."

"Mwambie ni dawa. Dawa watu wanakunywa."

*

Safari hii Fundi alipima katikati ya kipande. Alichora mraba kwa chaki ya kushonea, mchicha akauhamishia pembeni. Alifukia samadi iliyooza vizuri. Mistari ilikuwa mitano, na kati ya mstari na mstari palikuwa na sentimita sabini na tano. Katika mstari, shimo na shimo vilitengana sentimita thelathini. Tepu ilikuwa shingoni kwa hiyo hakubahatisha.

Mpaka Rangi alichukua kijiti chake cha kukorogea rangi. Akakipaka alama nyekundu kwenye upana wa vidole viwili kutoka nchani.

"Hapa ndipo mwisho wa shimo," alisema. "Likizidi hapo, mbegu itachoka njiani."

Walitia mbegu mbili kila shimo. Miche ilipofika kimo cha kiganja waling'oa mmoja ulio dhaifu, wakaacha wenye nguvu. Fundi aliona uchungu kung'oa, lakini aling'oa.

Mama Mkwe alikuwa akinywa dawa yake ya uji asubuhi na jioni, akikunja uso ili watu wamwonee huruma. Siku moja aliweka kopo la vifungo chini.

"Nimechoka kukaa ndani. Nipelekeni bustanini niwafukuze ndege. Mara ya kwanza si mlisema ni ndege?"

Fundi aligeukia cherehani haraka, akajifanya anatia uzi.

Tangu siku hiyo Mama Mkwe alikaa kwenye kigoda kando ya mahindi, fimbo mkononi, gauni la bluu mwilini. Ndege walimwogopa. Hata watu walimwogopa. Fundi alipalilia bila kuchimba sana, ili asikate mizizi, na alimwagilia maji siku ambazo mvua haikunyesha.

Nyuzi zikatoka. Zilikuwa nyingi kuliko zile za kwanza, zinaning'inia ovyo kuliko zile za kwanza. Fundi alizitazama, vidole vikaanza kucheza mfukoni.

"Mume wangu! Njoo uchukue huu mkasi. Uuweke mahali nisipopajua."

Mpaka Rangi aliufungia ndani ya kopo tupu la rangi, akapanda juu ya kopo akalikanyaga. Wiki tatu Fundi alikata nyuzi za wateja kwa meno.

"Unajionyesha kwamba unayo," alisema Mama Mkwe.

Kila asubuhi, umande ukishakauka, Fundi aliyatikisa mabua polepole kama Mkunga alivyomfundisha, ili chavua ya kila bua iangukie nyuzi za jirani zake. Alirudi nyumbani na kilemba cha manjano.

Kuhesabu siku ilikuwa kazi ya Mama Mkwe. Aliomba mwenyewe. Tangu nyuzi zilipotoka, kila siku alitia kifungo kimoja cheupe ndani ya kopo dogo. Vikifika kumi na vinane, atatoa taarifa.

"Vimefika vingapi, Mama?" Fundi aliuliza.

"Kumi na viwili."

"Leo je?"

"Kumi na vitano. Mbona una haraka? Mimi mwenye njaa nimetulia."

Na kweli alikuwa ametulia. Alikuwa ametulia mno. Jioni alisukuma uji mbali akisema ameshiba, na usoni alikuwa na furaha. Fundi hakuielewa furaha hiyo, ikamtia hofu.

Hatimaye kopo likawa na vifungo kumi na vinane. Fundi alibandika sufuria la maji jikoni kwanza, kwa sababu Mkunga alimwonya kwamba mahindi matamu yakikaa baada ya kuvunwa hupoteza utamu saa kwa saa. Alimwacha mume wake aangalie moto. Akachukua kikapu, akampitia Mkunga, wakaenda.

Mama Mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Alipowaona, aliishika fimbo vizuri zaidi.

Fundi alifungua ganda la hindi la kwanza. Moyo ulimpiga kama cherehani. Punje zilikuwa zimejaa kutoka kitako hadi ncha, zimepangana mistari imenyooka, hakuna pengo hata moja. Akabonyeza kwa ukucha. Maziwa yakamrukia shavuni.

"Dada!" alipiga kelele. "Dada, maziwa!"

"Hongera, umejifungua," alisema Mkunga. "Lakini mbona maziwa yake mazito hivi? Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na nane. Vifungo viko kwenye kopo."

"Mimi siku nyuzi zilipotoka niliiandika. Kuhesabu siku za wengine ndiyo kazi yangu. Leo ni ya ishirini na moja."

Walitazamana. Mama Mkwe alitazama mawingu.

Walivuna kikapu kikajaa. Walipofika katikati kabisa ya mraba, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuona, Fundi alishika hindi moja akaona ni jepesi. Ganda lilikuwa limefungwa vizuri juu. Limefungwa kwa uzi. Uzi wa kushonea vifungo.

Alilifungua. Ndani hakukuwa na punje hata moja. Gunzi lilikuwa limekwanguliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, mfereji mmoja mmoja. Kila mfereji ulikuwa na upana wa jino moja.

Walitafuta mengine. Yalikuwa saba.

Mpaka Rangi alifika mbio, ana moshi machoni. "Maji yanachemka! Mnangoja nini?" Akaona magunzi. "Lo! Panya!"

"Panya wenye uzi," alisema Mkunga. "Kwanza wadudu wenye mkasi, sasa panya wenye uzi. Bustani yenu ina mafundi wengi."

Fundi alikwenda mpaka kwenye kigoda. Alipiga magoti mbele ya Mama Mkwe. Hakulitazama gunzi tena. Alilitazama gauni la bluu. Pini zake zote tatu za upande zilikuwa zimefunguka, mshono umevutika, na kitambaa kimekaza tumboni. Alitia kidole kati ya gauni na ubavu. Hakikupita.

"Mama," alisema, "hili gauni limekubana."

"Limerudi kwa kufuliwa. Unanunua vitambaa vibaya."

"Kitambaa hiki nilikiloweka siku nzima kabla sijakikata. Hakiwezi kurudi tena."

"Basi ni baridi. Nguo hujikunja kwa baridi."

Jua lilikuwa linawaka utosini. Mpaka Rangi aligeuka akatazama ua, mabega yakimtikisika.

"Mama, nani amekula mahindi saba?"

"Mimi nilinde ndege, nilinde na wezi? Sikuona mtu." Alisimama kwa hasira. Vifungo vitatu vyeupe vikadondoka kutoka mapajani mwake, vikabingirika hadi kwenye viatu vya Mkunga. Mama Mkwe alivifunika haraka kwa fimbo. "Mnanishuku mimi? Mimi mzee? Nile hindi bichi kwa meno gani? Haya, tazameni! Tazameni wenyewe!"

Akafumbua mdomo wote, hadi kooni, ili waone ukweli wake.

Waliona jino la chini kulia, safi. Waliona jino la juu kushoto. Kwenye jino hilo palikuwa na ganda la punje la manjano, na kutoka kwenye ganda uzi mmoja wa kahawia uliteremka mpaka kidevuni, ukipeperushwa na upepo.

Fundi alijifuta macho. Akaupapasa mfuko wake, akakumbuka mkasi haumo.

"Usifunge mdomo, Mama," alisema. "Kaa hivyo hivyo. Mume wangu, kimbia ukalivunje lile kopo la rangi. Kuna uzi unaning'inia hapa."